Wasomaji Wanauliza: Peli eli nyepesi kwa siku za jua kali

Joto likizidi, barua zinazofika kwenye ukurasa huu hugeukia bia, na safari hii nyingi zinaulizia peli eli: ile bia ya rangi ya dhahabu yenye harufu ya maua na ganda la chungwa. Tumejibu yale maswali ambayo jibu lake linabadilisha kabisa kilichomo ndani ya glasi. Ukurasa huu ni wa wale waliofikia umri ambao sheria inawaruhusu kunywa.

Nimezoea laga. Nilionja peli eli mara moja nikaona chungu na nzito, nikaiacha. Sasa nasikia watu wakiisifu kuwa ndiyo bia ya kiangazi. Nianzie wapi?

Yawezekana ulipewa iliyo kali. Jina peli eli limebeba bia nyingi, na zile za mtindo wa Kimarekani kwa kawaida hucheza kati ya asilimia 4.5 na 6.2 za alkoholi. Kwa jua kali tafuta yenye asilimia 3.8 hadi 4.5. Hizo mara nyingi huandikwa neno session au golden kwenye lebo. Ukiona kipimo cha uchungu, yaani IBU, anza na 20 hadi 30. Usikitegemee kipimo hicho peke yake, kwa sababu uchungu wa 30 katika bia yenye kimea kidogo, yaani nafaka iliyooteshwa kisha kukaushwa, husikika mkali kuliko uchungu wa 40 katika bia yenye utamu wa kutosha.

Laga na eli zinatofautiana kwenye chachu. Chachu ya laga hufanya kazi kwenye baridi, nyuzi 8 hadi 13 za sentigredi hivi, na huacha ladha safi isiyo na mambo mengi. Ya eli hupenda nyuzi 18 hadi 22 na huacha harufu kidogo ya matunda. Hopsi, maua yanayoipa bia uchungu na manukato, huongezewa juu ya harufu hiyo. Kwa hiyo soma pia jina la hopsi. Cascade, iliyotolewa kwa wakulima wa Marekani mwaka 1972, hunukia balungi na maua. Citra huelekea kwenye ndimu na matunda ya nchi za joto. Kwa mtu anayetoka kwenye laga, Cascade ni mlango mzuri.

Kabla hujalipa, geuza kopo uangalie tarehe ya kufungashwa. Manukato ya hopsi ndiyo roho ya bia hii, na ndiyo hutangulia kupotea. Ikiwa imepita miezi mitatu tangu ifungwe na haikukaa kwenye baridi, chukua nyingine, hata kama tarehe ya mwisho wa matumizi bado iko mbali.

Mimi napenda bia iwe ya baridi kabisa, karibu kuganda. Nimeambiwa nikifanya hivyo kwa peli eli naiharibu. Ni kweli?

Hapana, hauiharibu, ila unaifunga mdomo. Kwenye nyuzi 2 au 3 ulimi hufa ganzi na manukato hubaki yamelala ndani ya kimiminika, kwa kuwa harufu hupanda puani pale tu bia inapopata ujoto kidogo. Ukinusa glasi hiyo utasikia baridi tupu. Iache ipande hadi nyuzi 6 au 7, uizungushe mara moja, unuse tena: kwanza litakuja ganda la balungi, kisha majani mabichi yaliyopondwa, na chini yake harufu ya mkate mweupe inayotoka kwenye kimea. Bia ni ileile. Tofauti ni nyuzi 4 tu.

Peli eli nyepesi tunaipendekeza kati ya nyuzi 5 na 8. Friji nyingi za nyumbani hukaa karibu na nyuzi 4, kwa hiyo siku ya joto dakika tano nje ya friji zinatosha kabisa. Ukikaa nje juani, bia hupanda nyuzi hizo haraka sana kupita upeo huo, na dawa yake ni kumimina kidogo kidogo, mililita 200 au 250 kwa mara moja, na kuacha iliyobaki kwenye kopo ndani ya chombo chenye barafu. Usigandishe glasi kwenye friza. Theluji inayoshika ukutani huyeyuka na kuizimua bia, tena punje zake hulipua povu hadi nusu ya glasi inakuwa hewa. Vipande vya barafu ndani ya bia nyepesi huimaliza: baada ya dakika kumi unakunywa maji machungu.

Kama bia haijapoa na wageni wamefika, chukua ndoo, weka barafu, kisha ongeza maji mpaka yafunike makopo. Watu wengi husahau maji, na barafu peke yake bila maji huligusa kopo mahali pachache tu, katikati ikabaki hewa. Tupia viganja viwili vya chumvi, ambavyo hushusha joto la yale maji chini ya sifuri. Zungusha makopo mara kwa mara. Dakika kumi hadi kumi na tano zinatosha kwa kopo la mililita 330, na chupa huhitaji zaidi kidogo kwa sababu kioo hupitisha joto polepole. Friza nayo hufanya kazi, lakini bia nyepesi huganda karibu na nyuzi 2 chini ya sifuri, na chupa iliyosahaulika humo hupasuka.

Nilinunua bia ya baridi, ikapata joto njiani, nikairudisha kwenye friji. Imeharibika?

Hapana. Kupoa, kupata joto na kupoa tena hakuna ubaya wenyewe. Kinachohesabiwa ni jumla ya saa ambazo bia imekaa kwenye joto. Nusu saa mkobani si kitu. Siku mbili kwenye buti la gari lililoegeshwa juani ni habari nyingine, kwa sababu kila nyuzi 10 zinazoongezeka huongeza kasi ya kuchakaa mara mbili au zaidi. Bia iliyochakaa hivyo huanza kwa kupoteza harufu ya hopsi, kisha hupata utamu kama wa asali iliyokaa, na mwisho husikika kama boksi lililolowa maji. Bado haitakudhuru, ila raha yake imekwisha.

Tulikaa bustanini na chupa za kijani mezani. Ya kwanza ilikuwa nzuri, lakini ya tatu ilinuka vibaya, kama mnyama. Zote zilitoka kreti moja. Tatizo ni kiwanda?

Tatizo ni jua, na kiwanda hakina kosa zaidi ya kuchagua kioo cha kijani. Harufu hiyo ni ya kicheche, na wanaopika bia huijua vizuri. Mwanga ukiipiga bia, vitamini B2 iliyomo huunasa, nishati yake huvunja viini vichungu vilivyotoka kwenye hopsi, na vipande vilivyovunjika hushikana na salfa. Kinachozaliwa ni kemikali ambayo pua ya binadamu huitambua hata ikiwa sehemu chache tu katika trilioni, ndiyo maana hakuna haja ya kujiuliza kama umekosea kunusa. Peli eli ina hopsi nyingi kuliko laga ya kawaida, kwa hiyo ina cha kuvunjwa kwa wingi.

Kioo cha kahawia huzuia sehemu kubwa ya mwanga unaoleta madhara hayo. Cha kijani huzuia kidogo sana, na cheupe hakizuii kitu. Juani moja kwa moja, bia iliyo kwenye glasi huanza kunuka ndani ya dakika chache, hata kama imetoka kwenye kopo. Chupa yako ya kwanza iliponea kwa kuwa mliifungua mapema. Ya tatu ilikaa ikingoja zamu yake juani.

Kwa kukaa nje, nunua makopo. Kopo halipitishi mwanga hata chembe, hupoa haraka, na hewa haipenyi. Kama ni lazima iwe chupa, ziache ndani ya chombo chenye kifuniko na utoe moja moja. Glasi iwekwe kivulini. Dukani pia, ikiwa bia zimepangwa dirishani au chini ya taa kali ya rafu, vuta ya nyuma kabisa.

Kwa nini bia yangu nyumbani haishiki povu?

Mara nyingi ni mafuta kwenye glasi: mabaki ya sabuni, kitambaa kilichofuta sahani, rangi ya midomo. Mafuta huvunja utando wa mapovu. Ipime hivi: lowesha glasi kwa maji baridi na uigeuze. Maji yakiteremka kama shuka moja, glasi ni safi. Yakikatika na kuacha matone na mistari, ina mafuta. Bia yenyewe pia itakwambia, kwani mapovu yataganda ukutani kwa makundi badala ya kupanda juu.

Osha kwa sabuni kidogo, suuza sana kwa maji ya moto, kisha iache ikauke yenyewe ikiwa imeinamishwa juu ya wavu. Usiifute. Kabla ya kumimina, isuuze kwa maji baridi. Inamisha glasi nusu, mimina ubavuni hadi ifike katikati, kisha isimamishe na umimine katikati kwa ujasiri. Unataka povu la vidole viwili. Anayemimina taratibu hadi mwisho ili kukwepa povu huifungia gesi yote ndani ya bia, kisha hulalamika tumbo limejaa.

Je, naweza kutia ndimu?

Bia ni yako. Jua tu kwamba mafuta ya ganda la ndimu huua povu, na kwa peli eli iliyo freshi ndimu hufunika manukato uliyoyalipia. Ukitaka kitu chepesi zaidi, changanya nusu kwa nusu na soda ya ndimu, zote zikiwa za baridi. Tangulia na soda, kisha bia, usikoroge. Bia ya asilimia 4.4 itashuka hadi 2.2. Kwa mchanganyiko huu chagua peli eli yenye uchungu mdogo, maana sukari ya soda na uchungu mkali havipatani.

Mume wangu anasema bia nyepesi inakata kiu kama maji. Tunabishana kila Jumamosi.

Dada, ubishi huu umeshinda wewe. Alkoholi huzuia homoni inayoziambia figo zitunze maji, ndiyo maana mnywaji huenda haja ndogo mara kwa mara. Bia nyepesi hupoteza maji machache kuliko kali, lakini haijawa kinywaji cha kumrudishia maji mtu aliyetoka kutoa jasho. Kwanza maji, glasi mbili. Bia ije baadaye, na kila baada ya glasi moja ya bia, moja ya maji.

Hesabu yenyewe: kopo la mililita 330 lenye asilimia 4 lina takriban gramu 10 za alkoholi safi. Kopo la ukubwa huohuo lenye asilimia 6.5 lina gramu 17. Makopo matatu ya hiyo kali ni sawa na matano ya ile nyepesi, na joto humfanya mtu anywe haraka kuliko anavyodhani. Anayeendesha gari, anayekwenda kuogelea, mjamzito na anayetumia dawa zisizopatana na pombe wasiguse hata hiyo nyepesi. Kwa dereva na mwogeleaji zipo peli eli zisizozidi asilimia 0.5, na zilizopikwa vizuri zina hopsi za kweli. Hizo zinywewe zikiwa mpya na za baridi zaidi kidogo, nyuzi 4 au 5, kwa sababu utamu wa kimea usiochachuka hujitokeza haraka zikipata joto.

Nimepika peli eli mara mbili nyumbani, msimu wa joto. Zote zilitoka na harufu kama rangi ya kucha na kichwa kiliniuma. Nisaidieni na kipimo cha lita 20 kisichofeli.

Kipimo tunakupa, ila kosa lako haliko kwenye kipimo. Harufu ya rangi ya kucha hutokea chachu ikifanya kazi kwenye joto kupita kiasi. Hutoa esta, yaani kemikali zenye harufu kama ya matunda, kwa wingi pamoja na alkoholi nzito zinazochoma kooni. Na tambua kwamba chachu yenyewe huzalisha joto: siku tatu za mwanzo, ndani ya ndoo panaweza kuzidi joto la chumba kwa nyuzi 3 hadi 5. Chumba cha nyuzi 28 kina maana kuwa chachu yako inaogelea kwenye nyuzi 32.

Kwa hiyo anza na kupoza. Weka ndoo ya kuchachushia ndani ya beseni kubwa lenye maji hadi nusu ya urefu wake, ivishe taulo ambalo ncha zake zinafika majini, na uelekeze feni hapo. Taulo litanyonya maji, feni litayakausha, na joto litashuka nyuzi kadhaa ikiwa hewa si ya unyevu mwingi. Ongeza chupa mbili za maji yaliyogandishwa, za lita moja na nusu, ukizibadilisha asubuhi na jioni. Bandika kipimajoto ubavuni mwa ndoo, chini ya taulo. Lengo ni nyuzi 18 hadi 20 kwa siku nne za mwanzo; baada ya hapo ikipanda hadi 22 hakuna neno. Usipoweza kushuka chini ya 25, usilazimishe. Tumia kveik, chachu ya mashambani ya Norway, inayofanya kazi vizuri kwenye nyuzi 30 na zaidi bila kuleta harufu hiyo.

Kipimo sasa. Kilo 3.5 za kimea cheupe cha shayiri, gramu 300 za kimea cha ngano kwa ajili ya povu, na gramu 200 za kimea cha karameli cha rangi hafifu. Karameli isizidi hapo, vinginevyo bia itakuwa tamu na nzito. Pasha lita 14 za maji hadi nyuzi 71, mwaga nafaka iliyosagwa kwa kupasuliwa tu, koroga madonge yaishe. Joto litatulia karibu na 66. Funika kwa saa moja. Chuja, kisha pitisha lita nyingine 14 za nyuzi 75 juu ya nafaka. Maji ya suuza yasizidi nyuzi 77, kwani maganda ya nafaka yataachia ukakasi kama wa chai iliyokaa sana kwenye birika. Utapata kama lita 24 za maji matamu ya kimea.

Chemsha saa moja, sufuria ikiwa wazi ili harufu ya mahindi ya kuchemsha itoke na mvuke. Mwanzo wa mchemko tia gramu 15 za hopsi zenye asidi alfa, yaani kiini cha uchungu, ya asilimia 12. Zikibaki dakika 10 tia gramu 30 za Cascade, na nyingine 30 unapozima moto. Uchungu utafika karibu IBU 30. Poza haraka hadi nyuzi 18, mimina kwenye ndoo iliyosafishwa na kuuliwa vijidudu, nyunyizia chachu kavu, pakiti moja ya gramu 11. Haidromita, kifaa kinachoonyesha sukari iliyomo kwenye kimiminika, isome karibu 1.042. Itakapofika 1.010, una bia ya asilimia 4.2.

Maji yako yakiwa na klorini, yatibu kwanza kwa kidonge cha Campden, nusu kidonge kwa maji yote haya, kiponde na ukoroge. Klorini ikikutana na vitu vya kimea huleta harufu ya dawa ya hospitali ambayo hakuna cha kuiondoa.

Haidromita ikikaribia 1.010, siku ya saba hivi, tia gramu 40 za Cascade moja kwa moja kwenye ndoo kwa siku tatu. Hapa wengi hujikwaa: hopsi mbichi zina vimeng'enya vinavyokata wanga uliobaki kuwa sukari, na uchachushaji huamka tena. Usifungashe mpaka haidromita isome namba ileile siku mbili mfululizo baada ya hopsi hizo. Ukiharakisha, chupa zitalipuka.

Kwenye kufungasha, adui ni hewa. Hamisha kwa mpira, ncha ikiwa chini kabisa ya chombo, pasiwepo kububujika. Sukari gramu 115 iliyochemshwa kwenye maji mililita 250 inatosha lita 20. Acha nafasi ya sentimita 3 juu ya kila chupa. Ziweke gizani wiki mbili kwenye nyuzi 20 hadi 24, kisha siku tatu kwenye friji ili mashapo yatulie. Zinywe ndani ya miezi miwili. Na kama hujafanya hivyo, hakikisha sheria ya unakoishi inaruhusu kupika pombe nyumbani.

Peli eli ninayopika nyumbani hutoka chupani kama chemchemi. Nikifungua, nusu inamwagika.

Poza chupa moja kwa siku mbili kamili kisha uifungue. Ikitulia, shida ilikuwa joto tu: gesi haikai ndani ya bia ya vuguvugu. Ikiendelea kuruka, onja. Kama ina ukali kama wa siki au ina harufu ya moshi na dawa, chachu pori imeingia, na pa kwanza pa kuangalia ni bomba la ndoo na mpira wa kuhamishia, ambavyo ndani yake brashi haifiki. Tupa mpira, fungua bomba vipande vipande. Kama ladha ni safi, itoe gesi kwa kumimina glasi hadi glasi mara kadhaa, kisha pima kwa haidromita. Ikisoma chini ya namba uliyofungashia, ulifungasha mapema. Ikiwa ileile au karibu yake, sukari ilizidi au haikuchanganyika sawasawa, au kuna vipande vya hopsi vilivyopita kwenye mpira, kwa maana kila kipande ni mahali pa gesi kuanzia kuchomoka. Chupa zilizobaki zipoze zote, vaa miwani na glavu nzito, inua ukingo wa kila kifuniko taratibu hadi usikie mlio, kisha bana tena vifuniko vipya.